Aliyeshikiwa Nafasi

Mwanamke mmoja mwenye haraka zake alijaribu kupenyeza toroli lake katikati ya mtu na mkewe kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Aliinua macho, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa, akasema kwa adabu, "Samahani kaka, sikukuona," kisha akarudi nyuma. Pale alipoombea radhi hapakuwa na mtu. Palikuwa na vigae vyeupe vilivyopigwa deki asubuhi ile, na nafasi ya kusimama mtu mzima, kati ya mume aliyetangulia na mke aliyefuata.

Mke alicheka. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno mengi na hasira za karibu, na jambo lililompita akili alianza kwa kulicheka.

"Hebu sogea tuzibe hili pengo," alimwambia mumewe. "Watu wameanza kuiomba radhi hewa."

"Siwezi. Nimemshikia mtu nafasi."

"Mtu yupi?"

"Kuna bwana mmoja mrefu, ana koti la kijivu. Alikuja ulipokuwa umeinama unafunga begi. Anarudi sasa hivi."

Mshonaji aliguna tu. Kama ni mume mwingine angebishana naye, lakini huyu alimjua. Alikuwa tarishi, na kazi ya tarishi katika ofisi yao ilikuwa kupanga foleni: foleni ya umeme, foleni ya maji, foleni ya hati za ardhi, foleni ya mihuri ambako mtu huingia kijana akatoka na mvi. Wenzake walimwita Bwana Zamu. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumruka mtu wala kurukwa, na akikwambia "nenda, nafasi yako ipo," ungeweza kwenda kunywa chai, kunyoa na hata kuoa, ukarudi ukaikuta. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo duniani, naye aliitunza kama wengine wanavyotunza shamba. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa kubeba mkoba wa barua, na mkewe alimkatia mashati yenye bega moja chini ili yamkae vizuri.

Alipostaafu, ofisi ilimzawadia tiketi mbili za ndege, likizo ya wiki moja ng'ambo, yeye na mkewe, hoteli yenye madirisha yanayotazama ziwa. Fungate hawakuwahi kuipata walipooana, kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa fungate yao. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wao wawili, na mama mzazi wa Bwana Zamu ambaye alikuwa amekuja kuwalindia nyumba, bibi mkali ambaye zamani watu walimletea wagonjwa wao wenye majini, akawasomea na kuwafukizia mpaka wakapona.

Pengo liliwafuata hadi kaunta. Bwana wa koti la kijivu hakurudi.

"Watatu?" aliuliza binti wa kaunta bila kuinua uso.

"Wawili," alisema mshonaji.

Binti aliinua macho, akatazama kati yao, akayashusha upesi. "Sawa, wawili. Ila siwezi kuwakalisha pamoja. Mama utakaa dirishani, mzee upande wa njia. Kiti cha kati kimeshachukuliwa."

"Kimechukuliwa na nani?"

"Mfumo hauonyeshi jina. Unaonyesha tu kwamba kina mtu."

"Mwanangu, hii ni fungate yetu."

"Hongereni," alisema binti, akaita wanaofuata.

Kwenye ukaguzi watu walivuliwa mikanda, viatu na saa, wakabaki wameshikilia suruali zao kwa mkono mmoja kama watoto waliotoka chooni. Bwana Zamu alikuwa na kipande cha chuma mguuni tangu alipogongwa na baiskeli, na hapakuwa na mashine ya kukagua watu iliyowahi kumwacha apite bila kumpigia kelele. Siku hiyo alipita, nayo ikanyamaza kimya. Askari hata hakumwangalia. Alikuwa ameshamwita mshonaji kwa kidole, na mshonaji alipokuwa bado hajanyanyua mguu, mashine ikalia yenyewe, hamna mtu ndani yake. Askari akainuka na kifaa chake cha mkononi, akakipitisha juu chini kwenye hewa tupu, taratibu, mbele na nyuma, akasema, "Haya, pita bwana." Kisha akabaki ameshika kile kifaa, akikitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Mshonaji hakucheka tena.

Uhamiaji nako kulikuwa na yake. Ofisa aliyekaa nyuma ya kioo alifungua pasipoti ya Bwana Zamu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mwenye hii ameshatoka."

"Ametoka wapi?" aliuliza mshonaji.

"Nchini. Muhuri wa leo huu hapa."

"Atatokaje nchini na yeye amesimama mbele yako?"

Wino wa muhuri ulikuwa haujakauka. Ulichafua kidole cha ofisa. Alikipangusa kwenye suruali, akasema ni mfumo, mfumo tangu asubuhi unasumbua, na akawapungia mkono wapite. Yote hayo aliyasema akimtazama mshonaji peke yake. Bwana Zamu alisema "asante, afande," na asante ile ikapotea bila kupokelewa.

Huko ndani walikuta ndege yao imechelewa. Kipaza sauti kilitangaza kwanza kwamba kuna ucheleweshaji mdogo, halafu kwamba kuna ucheleweshaji, halafu kikaacha kutangaza. Watu walijilaza juu ya mabegi, watoto wakalia, soketi moja ya kuchajia simu ikagombewa kama mpira wa kona. Katikati ya harufu za kahawa na jasho mshonaji alisikia harufu nyingine, ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, na ndani yake kitu kitamu kama ubani uliolowa. Ilitoka kwenye kiti cha katikati, kati yake na mumewe. Walikuwa wameacha kiti kati yao. Hakukumbuka ni nani aliyeamua wakae hivyo.

Aliagiza chai mbili. Mhudumu alileta chai mbili, akaweka moja mbele yake na nyingine mbele ya kiti kitupu, akaondoka. Bwana Zamu aliitazama ile chai. Hakuigusa.

"Mimi naenda msalani," alisema.

Mlango wa msalani ulikuwa wa kioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akikaribia. Alisimama mbele yake. Alirudi hatua moja nyuma, akasogea tena, akainua mkono akaupunga juu kama anayeita teksi. Mlango ulibaki umefungwa. Kijana mmoja alikuja akiongea na simu, kioo kikafunguka mara moja, akampiga kumbo Bwana Zamu, akaingia bila kugeuka.

Alirudi akakaa. Uso wake ulikuwa umepungua rangi, kama shati lililofuliwa mara nyingi.

"Mke wangu," alinong'ona, "unaniona?"

"Nakuona."

"Basi endelea kuniangalia."

Mshonaji alimshika mkono. Ulikuwa baridi, na alipoubana alihisi kama amebana mto uliotolewa pamba. Hofu ilimpanda, hofu ya wazi kabisa isiyo na mzaha, kwa sababu alielewa kwamba anaweza kumkosa mtu huyu, si kwa ugonjwa wala kwa mwanamke mwingine, bali hivi hivi, akiwa amekaa ubavuni pake.

"Ulimwambia nini yule bwana? Niambie neno kwa neno."

"Maneno ya kawaida tu. Alisema, nishikie nafasi. Nikamwambia nenda, nafasi yako ipo. Akaniuliza, hata nikichelewa? Nikamwambia hata ukichelewa. Akauliza, itakuwa yangu kweli, hutamrudishia mwenyewe? Nikaona mtu huyu ana wasiwasi sana. Nikamwambia, bwana, kuanzia sasa hapa nilipo mimi ni pako. Ni maneno ya foleni, mke wangu. Nimeyasema maisha yangu yote."

Mshonaji alimpigia simu mama mkwe. Alieleza haraka haraka, akificha mdomo kwa kiganja, na bibi alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mumeo aliitazama miguu ya huyo bwana?" aliuliza bibi.

Mshonaji alimuuliza mumewe. Bwana Zamu alitikisa kichwa: toroli lilikuwa limeziba.

"Sikiliza, mwanangu," alisema bibi. "Wale hawaibi. Wanaomba, na wakipewa hawarudishi. Lakini huyo bado hajakaa mahali pa mumeo. Msipande hiyo ndege. Rudini wote wawili, mumeo umlete hapa mlangoni kwangu nimsomee, atapona. Na wewe mdomo wako naujua. Ukikutana na huyo kiumbe usimpe neno jingine lolote, hata la matusi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia ni rahisi. Walirudi kwa yule ofisa wa uhamiaji, na mshonaji akamwambia wameahirisha safari, wanataka kutoka.

"Wewe naweza kukutoa, mama. Huyo mumeo simwoni hapa."

"Huyu hapa!"

"Basi nipe pasipoti yake."

Bwana Zamu alipapasa mfuko wa shati, mfuko wa suruali, mfuko wa koti, kisha akaanza tena na wa shati. Pasipoti haikuwepo. Wakati huohuo kipaza sauti kikafufuka, kikaita abiria wa ndege yao wapande, na wale waliokuwa wamelala wakaamka wote kwa pamoja na kukimbilia getini kama wanaofukuzwa na nyuki.

Getini msichana mwenye skafu shingoni alichukua kadi mbili za kupandia ndege kutoka kwa mshonaji. Ya kwanza iliwaka kijani. Ya pili iliwaka nyekundu.

"Huyu ameshaingia, mama. Ameingia wa kwanza kabisa, na pasipoti yake mkononi. Anakusubiri. Tafadhali, unazuia foleni."

Bwana Zamu alikuwa amesimama hapo hapo, kifua chake kimegusa meza. Watu wa nyuma walikuwa wakisogea, na kila aliyesogea alichukua kidogo cha pale alipokuwa, hata akajikuta amebanwa kwenye kioo cha dirisha. Tarishi aliyekuwa hajawahi kurukwa alirukwa na foleni nzima, mmoja baada ya mwingine.

"Simama hapo," mshonaji alimwambia. "Usisogee hata ukitukanwa. Nakwenda kuichukua pasipoti yako, nakuja."

"Mama alisema tusipande."

"Sipandi. Naingia na kutoka."

Alivuka uwanja wa lami kwa miguu hadi ngazini, jua la mchana likimpiga utosini, na kila alipogeuka aliuona uso wa mumewe umekaa kwenye kioo cha juu, mdogo. Alipanda ngazi. Alipita kati ya viti, akiwapisha watu waliokuwa wakisukumiza mabegi juu, akisoma namba kimoyomoyo, na kabla hajaifika safu yao harufu ya ubani uliolowa ikampokea, ikawa nzito kiasi kwamba alishangaa abiria wengine wanawezaje kukaa humo na kufungua vikaratasi vya peremende, na pale kwenye kiti cha kati, mikono imetulia juu ya mapaja, mkanda umeshafungwa, alikuwa amekaa mumewe.

Sura ilikuwa yake. Mvi zilikuwa zake, na kovu la kidevuni. Shati lilikuwa lile lile alilomshonea, lakini mabega yaliyokuwa ndani yake yalikuwa sawasawa, na kwa sababu hiyo shati lilikuwa limepanda upande mmoja na kukunjamana shingoni kama nguo ya kuazima.

"Kaa, mke wangu," alisema. Sauti ilitangulia kidogo, midomo ikafuata. "Dirisha lako hilo."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye foleni. Si ndiyo kazi yake?"

Mshonaji alishika mgongo wa kiti cha mbele, akanong'ona. "Nipe pasipoti yake."

Kiumbe kile kiliitoa na kumkabidhi bila ubishi. "Chukua. Mimi sihitaji karatasi. Mimi nilipewa." Kilimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha kuliko kitu kingine chochote. "Lakini fikiri. Ukikaa, tunaruka. Sitakoroma. Sitazeeka. Sitaumwa mguu wakati wa baridi. Miaka yote hii umesubiri safari moja, halafu uiache kwa ajili ya mtu ambaye hata milango haimwoni?"

"Naiacha," alisema mshonaji.

"Na hiki kiti chako cha dirishani?" kiliuliza, polepole, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokitaka sana. "Unakiacha nacho?"

Hapo angenyamaza. Alikuwa ameonywa, na alikumbuka kwamba ameonywa, lakini hasira zilikuwa zimeshamfika kooni, hasira za siku nzima, za mfumo na mashine na mageti na muhuri na mume wake kubanwa kwenye kioo kama bango, na hasira zake siku zote zilitoka kabla hazijaombwa.

"Kikalie!" alisema. "Kikalieni, wewe na ukoo wako wote! Mimi na mume wangu hatukihitaji!"

Mdomo uliponza kichwa. Kiumbe kile kiliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru, kikapisha magoti upande ili mtu aweze kupita kwenda dirishani.

Mshonaji alikimbia. Kwenye ngazi, akishuka, alipishana na mwanamke aliyekuwa akipanda, kajitanda mtandio mpaka machoni, na viatu vyake havikutoa sauti kwenye chuma cha ngazi. Mshonaji hakuuona uso. Aliliona gauni, na pindo la gauni, ule mshono wa mkono wenye nafasi ndogo ndogo ambao ni yeye peke yake aliushona hivyo, wiki iliyopita, kwenye kibaraza cha nyumba yake, kwenye gauni alilokuwa amelivaa yeye mwenyewe wakati huo.

Getini hakuna aliyemuuliza kwa nini anarudi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alimkuta mumewe palepale alipomwacha, akamkumbatia kwa nguvu, na safari hii mwili wake ulikuwa mzima, mkono una mifupa, kifua kina joto. Alilia kwa furaha. Ilimchukua muda kuelewa kwamba si mumewe aliyerudi kuwa kama yeye, bali yeye ndiye aliyegeuka kuwa kama mumewe.

Ndege iliondoka. Waliitazama kupitia kioo mpaka ikawa doa.

"Likizo tutakwenda siku nyingine," alisema Bwana Zamu.

"Tutakwenda," alisema mkewe.

Kwa yule ofisa wa uhamiaji walipita bila kuulizwa karatasi. Walitoka nje kwa kuwafuata watu wenye kuonekana, wakivizia milango inapofunguka. Nje madereva wa teksi waligombania kila abiria, wakamvuta huyu na begi la yule, lakini wao wawili waliwapita kama wanapita nguzo. Simu ya mshonaji ilikuwa imezima na haikukubali kuwaka. Wakatembea. Walitembea mchana ule wote wakiwa wameshikana mikono kando ya barabara, magari yakiwarushia vumbi, na kilichowapa nguvu ya kuendelea kilikuwa kimoja: bibi. Bibi alisema waje mlangoni. Bibi atasoma, atafukiza, na mambo yatarudi kama yalivyokuwa.

Walifika jua linazama. Bibi alikuwa kibarazani, amekaa juu ya kigoda, miwani puani, simu ameinyoosha mbele yake kwa mikono miwili kama wazee wanavyoshika simu, na alikuwa anacheka.

"Mama," alisema Bwana Zamu.

Bibi aliinua kichwa. Kicheko kilimkauka mdomoni, na macho yake yakatua kwenye uso wa mwanawe, kisha wa mkwewe, moja kwa moja, bila kupotea njia.

"Mama, unatuona!" Mshonaji alipiga magoti pale pale uani. "Ee Mungu wangu, unatuona!"

"Nawaona," alisema bibi, taratibu sana.

"Mama, wamefika?" iliuliza simu.

Mshonaji aliijua sauti ile kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba yake. Ilikuwa sauti yake. Bibi aligeuza simu kidogo, na kwenye kioo chake kulikuwa na dirisha refu na maji yanayometameta nyuma yake, na mume na mke wamekaa bega kwa bega kitandani, shavu kwa shavu, wakitabasamu.

"Tulikwambia watatufuata hapo, mama," ilisema ile sauti. "Yule wa koti hakuwa peke yake. Tulimkimbia, tukawahi ndege, tukasema moyoni, lazima wataenda nyumbani na sura zetu."

"Mama, hao ndio wao!" alisema mshonaji. "Sisi hatukupanda, ulitukataza tusipande!"

Jirani, mama muuza mkaa, alikuwa anapita na gunia kichwani. Alisimama nje ya ua, akatupa macho ndani, yakapita juu ya magoti ya mshonaji kama yanavyopita juu ya majani.

"Shikamoo bibi. Unaongea na nani jioni hii?"

Bibi hakuondoa macho kwao. "Marahaba. Hebu niambie, hapa uani kwangu unamwona mtu?"

"Nani tena? Simwoni mtu."

"Haya, nenda mwanangu. Ongeza mwendo."

Jirani aliongeza mwendo. Bibi alisimama, mkono wake mmoja umeshika simu, na mwingine ukaanza kupapasa nyuma ya mlango, mahali alipoweka chetezo chake.

"Mama, niulize," alisema Bwana Zamu. "Niulize kitu ambacho nakijua mimi na wewe tu."

Bibi alifikiri. "Ulipokuwa mdogo, ukilia usiku, nilikuwa nakuitaje? Jina ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu."

Bwana Zamu alifungua mdomo. Lakini simu ilikuwa imeshaanza kujibu, na yeye, aliyeishi maisha yake yote kwa kungoja zamu, alinyamaza amwache mwenzake amalize. "Kijiti," ilisema simu kwa upole. "Ulikuwa ukiniita Kijiti changu."

"Kijiti," alisema Bwana Zamu.

"Umerudia alichosema mwanangu," alisema bibi.

Aliiegemeza simu kwenye dirisha, nyuso za wale wawili ndani yake zikitazama nje, akakipuliza chetezo mpaka makaa yakawaka. Alisoma kama alivyosoma zamani kwa wagonjwa wa watu, kwa sauti ya chini isiyokatika, na moshi ulipowafikia mshonaji alihisi nyayo zake zinateleza. Hapakuwa na maumivu. Ardhi tu ilikuwa inamkataa, ikimsogeza nyuma kidogo kidogo, mpaka kwenye ukingo wa ua, mpaka nje ya ukingo, na alimshika mumewe kwa mikono yote miwili huku akipiga kelele, mama, ni mimi, mama, niangalie, ni mimi niliyekupikia uji asubuhi hii, na kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alichosema kilitoka kwenye ile simu dirishani nusu pumzi kabla hakijatoka kwake.

Bibi alikuwa analia. Machozi yalimchuruzika chini ya miwani, lakini mkono ulioshika chetezo haukusita, kwa sababu alikuwa anampigania mwanawe wa pekee.

"Mmewaiga vizuri," alisema. "Hata wanavyoshikana mikono mmeiga. Lakini ondokeni. Nyumba hii ina wenyewe, na wanarudi Jumapili."